Maswali na Majibu ya Kompyuta: Prosesa Imepandishwa Kasi, Saa Zimekosana

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji waliopandisha kasi ya prosesa zao kupita kiwango cha kiwandani, kisha wakakutana na vituko vya muda ambavyo kwa nje havifanani na hitilafu ya kawaida: mara nyingi kompyuta haizimiki wala haigandi, ila saa, vipimo au michezo haviendi inavyopaswa. Nimezipanga kuanzia barua yenye mambo mengi zaidi.

SWALI: Ndugu mtaalamu, kompyuta yangu ni ya mwaka 2013 na inatumia Windows 8. Prosesa yake ilikuwa ikifanya kazi kwa MHz 4,000, yaani saa ya msingi (mapigo ya ubao mama ambayo prosesa huyazidisha) ya MHz 100 ikizidishwa mara 40. Kwa kutumia programu iliyokuja na ubao mama, niliongeza saa ya msingi hadi MHz 103 huku Windows ikiendelea kufanya kazi, na prosesa ikafika MHz 4,120. Tangu hapo saa ya pembeni mwa skrini inakimbia karibu dakika mbili kwa kila saa moja. Nikiirekebisha kwa intaneti inakaa sawa, kisha inaanza tena. Namba za siri za muda mfupi ninazotumia kuingia kwenye akaunti zinakataliwa. Nimebadilisha betri ya ubao mama bila mafanikio. Nikiwasha kompyuta upya tatizo linatoweka mpaka niifungue tena ile programu. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba jaribio la kupima kasi linatoa muda uleule wa zamani, kana kwamba sikuongeza chochote. Je, prosesa imeharibika?

JIBU: Prosesa yako ni nzima, na kasi uliyoiongeza ipo kweli. Kilichopotoka ni kipimo cha muda ambacho Windows inakitumia.

Tuanze na hesabu, kwa sababu barua yako ina ushahidi wote unaohitajika. Kutoka MHz 100 hadi 103 ni ongezeko la asilimia 3. Saa moja ina sekunde 3,600, na asilimia 3 yake ni sekunde 108, yaani dakika moja na sekunde 48, ambazo ndizo hizo “karibu dakika mbili” ulizoziona. Kosa la saa linapolingana kwa usahihi namna hiyo na kiasi cha kasi kilichoongezwa, hakuna haja ya kutafuta mchawi kwingine.

Ndani ya kompyuta hakuna saa moja, bali zipo kadhaa, na kila moja ina chanzo chake. Ile inayotunza tarehe kompyuta ikiwa imezimwa hutumia fuwele ndogo inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, nayo haiguswi kabisa na kasi ya prosesa. Betri uliyoibadilisha huihudumia saa hiyo pale umeme unapokosekana, ndiyo maana betri mpya haikuleta tofauti yoyote. Mfumo wa uendeshaji huisoma saa hiyo unapowaka, lakini baada ya hapo hupima muda kwa kutumia vihesabio vyenye kasi zaidi, na maarufu kati ya hivyo ni kihesabio cha mapigo kilicho ndani ya prosesa yenyewe, kinachojulikana kwa kifupi kama TSC, ambacho kimekuwapo tangu prosesa za Pentium za mwaka 1993.

Katika prosesa za kizazi chako, TSC hailegei prosesa inapopunguza kasi ili kuokoa umeme, wala haiharakishi inapojiongezea kasi yenyewe. Wengi husoma maelezo hayo wakadhani kwamba TSC haiwezi kubadilika kwa namna yoyote. Uthabiti huo hata hivyo una msingi wake: kihesabio hutembea kwa kizidisho kisichobadilika cha saa ya msingi, na saa ya msingi yenyewe ikisogezwa, kihesabio nacho kinasogea. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya njia mbili za kupandisha kasi. Ukiongeza kizidisho, kwa mfano kutoka 40 hadi 42, muda haubadiliki. Ukiongeza saa ya msingi, unagusa mizizi ambayo vitu vingine vingi vimejishikiza.

Windows yako ilipowaka ilijua kasi ya kihesabio kwa msingi wa MHz 100, ikaiweka akilini na kuendelea kuiamini. Ulipofungua programu na kupandisha hadi 103, hakuna aliyeiarifu. Mapigo ambayo kwa hesabu yake yalipaswa kujaza sekunde 103 sasa yanakamilika ndani ya sekunde 100 za kweli, na saa ya skrini inakimbia. Namba zako za siri hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa, kwa hiyo takriban dakika 17 tu baada ya kurekebisha saa unakuwa umekwisha kutangulia kwa hatua nzima.

Kuhusu jaribio la kasi, uko katika hali ya fundi seremala aliyepewa futi kamba iliyorefuka kwa kiasi kilekile ambacho ubao wake umerefuka: kila akipima, anapata namba ya zamani. Kazi iliyochukua sekunde 103 sasa inakamilika kwa sekunde 100, lakini kipimo kilichoongezewa mwendo kwa asilimia 3 kinaziandika kuwa 103. Hata kinyume chake hutokea, na kiliwahi kuzua mtafaruku. Mwezi Agosti 2013, HWBOT, jukwaa linalotunza rekodi za mashindano ya kupandisha kasi, lilisimamisha kupokea matokeo yaliyopatikana kwa Windows 8 baada ya kubainika kwamba mtu akipunguza saa ya msingi ndani ya mfumo unaofanya kazi, saa ya kompyuta hulegea na matokeo yanaonekana bora kuliko yalivyo. Katika jaribio lao, kushusha saa ya msingi kutoka MHz 130 hadi 122, yaani takriban asilimia 6, kuliichelewesha saa kwa sekunde 18 katika dakika 5. Hesabu ni ileile ya kwako, ila imegeuzwa.

Tiba ninayoipendelea ni kurudisha saa ya msingi kwenye MHz 100, na kama prosesa yako ni ya aina ambayo kizidisho chake hakikufungwa, utafute kasi kwa njia hiyo. Kwa prosesa za Intel za wakati huo, herufi K mwishoni mwa jina ndiyo dalili ya kizidisho kilicho wazi. Ikiwa kizidisho kimefungwa na huna njia nyingine, basi weka hizo MHz 103 ndani ya BIOS, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, na si katika programu ya Windows, ili mfumo uwake huku kasi mpya ikiwa tayari ipo. Baada ya kubadilisha, chagua amri ya kuwasha upya badala ya kuzima na kuwasha, kwa kuwa Windows 8, ikiwa uwashaji wa haraka umeruhusiwa, haizimiki kikamilifu bali huhifadhi hali ya kerneli yake, yaani sehemu kuu ya mfumo, kwenye diski na kuirejesha.

Kisha upime, usikisie. Fungua dirisha la amri uandike `w32tm /stripchart /computer:time.windows.com`, uandike pembeni tofauti inayoonyeshwa, usubiri dakika 10, uisome tena. Saa inayokimbia kwa asilimia 3 itakuwa imesogea kwa sekunde 18. Saa nzima haisogei kiasi cha kuonekana kwa macho katika muda huo, kwani hata fuwele ya kawaida yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotoka kwa chini ya sekunde 2 kwa siku nzima.

Usiridhike na hila ya kuilazimisha kompyuta ijirekebishe kwa intaneti kila baada ya dakika chache. Programu za kuoanisha saa zimetengenezwa kusahihisha makosa madogo. Ile iitwayo ntpd, iliyotumika kwa miaka mingi kwenye seva, hurekebisha taratibu mpaka sehemu 500 kwa milioni, ambazo ni sekunde 43 kwa siku. Kosa lako ni sehemu 30,000 kwa milioni. Saa itakuwa ikirukaruka kurudi nyuma, na faili zitaandikwa kwa muda ambao haujafika.

Jambo la mwisho kwako: katika prosesa za Intel za kizazi hicho saa ya msingi huendesha pia njia za PCI Express. Maana yake kadi ya michoro na vifaa vingine vilivyochomekwa humo navyo vimesukumwa kwa asilimia 3 bila wewe kukusudia. Hiyo ndiyo sababu ya pili, na kwa maoni yangu nzito kuliko ya kwanza, ya kurudi kwenye MHz 100. Na ukirudi, usishtuke programu ya vipimo ikikuonyesha 99.8 badala ya 100 kamili. Mbao nyingi huyumbisha saa ya msingi kidogo kwa makusudi ili kupunguza mwingiliano wa mawimbi ya redio.

SWALI: Nimeweka prosesa yangu kwenye GHz 4.6 kwa viini vyote, kutoka 4.2, na kupunguza volteji kidogo ili joto lisizidi. Kila programu inaonyesha 4.6 na joto ni la wastani. Lakini kazi ya kubadilisha video iliyokuwa ikichukua dakika 10 sasa inachukua dakika 10 na sekunde 20. Inawezekanaje prosesa yenye kasi zaidi ikachelewa?

JIBU: Kwa sababu GHz 4.6 unayoiona ni kasi iliyoagizwa, nayo si lazima iwe kasi iliyotekelezwa. Programu nyingi za vipimo husoma kizidisho kilichowekwa, hukizidisha na saa ya msingi, kisha hutangaza jibu. Hazihesabu mapigo yaliyofanyika kweli.

Prosesa nyingi za sasa zina mzunguko unaochunguza volteji kila wakati. Kazi nzito ikianza ghafla, volteji huporomoka kwa muda mfupi mno, na badala ya kuacha hesabu ziharibike, mzunguko huo hurefusha pigo la saa mpaka volteji irudi. Ikiwa volteji uliyoiacha haiitoshelezi GHz 4.6, urefushaji huo hautokei mara moja moja bali karibu mfululizo, na prosesa inatembea polepole huku namba kwenye skrini ikisimama palepale. Hali hii huwapotosha hasa watu makini, wale wanaopunguza volteji hatua kwa hatua na kufurahi kwamba kompyuta “imekubali” kila hatua. Haikukubali, ilijilinda kimyakimya.

Hesabu ya matarajio ndiyo inayofichua jambo. Kama kazi yako inategemea prosesa peke yake, dakika 10 kwa GHz 4.2 zingepaswa kuwa karibu dakika 9 na sekunde 8 kwa GHz 4.6. Wewe umepata 10 na sekunde 20, kiasi kinacholingana na kasi ya wastani ya takriban GHz 4.06, chini ya ulikoanzia. Tumia programu kama HWiNFO, ambayo huonyesha kasi halisi ya kila kiini kando ya ile iliyoagizwa, na uitazame kazi ikiwa imepamba moto. Kompyuta ikiwa haina kazi viini hulala na kasi halisi huonekana ndogo sana, jambo ambalo ni la kawaida kabisa. Tofauti ya megahezi chache chini ya mzigo kamili si kitu. Tofauti ya mamia ni jibu la swali lako.

Ongeza volteji kwa hatua ndogo, au shusha kasi hadi 4.5, ukipima kila mara kwa kazi ileile ya video na si kwa namba ya skrini. Ikiwa kasi halisi inaanza juu kisha inashuka baada ya dakika kadhaa, hilo ni jambo jingine: ama joto ama kikomo cha nguvu ya umeme kinachowekwa na ubao mama, na hapo kuongeza volteji kutazidisha tatizo.

SWALI: Baada ya kupandisha kasi, michezo ilianza kukwamakwama. Nilisoma ushauri wa kuandika `bcdedit /set useplatformclock true` nikaufuata, na mambo yakawa mabaya zaidi. Nimekosea wapi?

JIBU: Amri hiyo huilazimisha Windows iachane na TSC na kutumia saa ya nje ya prosesa, kwa kawaida ile iitwayo HPET. Saa hiyo si mbovu. Inatembea kwa MHz 10 au zaidi na haiyumbi prosesa ikipandishwa kasi. Udhaifu wake ni gharama ya kuisoma: prosesa husoma TSC kwa makumi machache ya mapigo kwa kuwa iko ndani yake, lakini ili kuisoma HPET inabidi itoke nje hadi kwenye chipu za ubao mama na kusubiri majibu. Mchezo huuliza muda mara nyingi mno katika kila sekunde, na kusubiri huko kunajumlika mpaka kunaonekana kwa macho.

Ushauri ulioufuata una asili yake ya kweli. Washindani wa vipimo walihitaji saa isiyoweza kuchezewa, na kabla ya hapo, mnamo mwaka 2005, prosesa za viini viwili za Athlon 64 X2 zilikuwa na TSC mbili zilizoweza kuachana, michezo ikaruka mbele na kurudi nyuma kulingana na kiini kilichoulizwa, hata AMD ikatoa programu maalumu ya kuvioanisha. Dawa ya enzi hiyo imeendelea kuzunguka wakati ugonjwa umeshaondoka. Andika `bcdedit /deletevalue useplatformclock`, uwashe upya, kisha uutafute ukwamaji wa awali mahali pake. Rudisha prosesa na kumbukumbu (RAM) kwenye mipangilio ya kiwandani uone kama unatoweka, na ufungue kumbukumbu za matukio za Windows kutafuta maonyo ya WHEA-Logger, sehemu inayoandika makosa ya vifaa. Tukio namba 19 lina maana kwamba prosesa imegundua kosa na kulisahihisha, na maonyo ya aina hiyo yakiwa mengi, kasi uliyoiweka haijatulia hata kama kompyuta haijawahi kuzimika.

SWALI: Natumia Linux. Baada ya kupandisha kasi napata ujumbe kwamba TSC si thabiti na mfumo umehamia HPET. Rafiki ananiambia niongeze `tsc=reliable` ili ujumbe uondoke. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye hivyo mpaka ujue sababu. Kerneli ya Linux ina mlinzi anayelinganisha TSC na saa nyingine, ama HPET ama ile ya ACPI inayotembea kwa MHz 3.579545, na anapoona zimeachana kupita kiasi humvua TSC madaraka. Kigezo alichokupa rafiki yako kinamnyamazisha mlinzi. Kosa linabaki, na wewe unapoteza njia ya kulijua.

Soma faili ya `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource` kuona saa inayotumika sasa, na `available_clocksource` iliyo kando yake kuona zilizopo. Kisha utafute ndani ya `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, mstari unaotaja kasi ya TSC iliyopatikana wakati wa kuwaka. Ukiwa umeongeza saa ya msingi na namba hiyo inafuata kasi ya kiwandani, kerneli imeichukua namba kutoka kwenye maelezo ya prosesa badala ya kuipima. Kerneli za miaka ya karibuni zina kigezo cha `tsc=recalibrate`, kinachoiamuru iipime upya kwa kulinganisha na saa ya nje na kutoa onyo iwapo tofauti itazidi sehemu 500 kwa milioni. Hicho kina faida, kwa sababu kinatoa taarifa mpya badala ya kuficha iliyopo. Kama hukuigusa saa ya msingi, bali kizidisho tu, rudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Ujumbe ukiendelea, kupandisha kasi hakuhusiki, na hatua inayofuata ni kuisasisha BIOS.

SWALI: Saa yangu huwa nyuma kwa saa tatu kamili kila ninapotoka Linux kwenda Windows. Ni kwa sababu ya kupandisha kasi?

JIBU: Hapana. Kosa la kupandisha kasi huongezeka kidogo kidogo, halirukii saa kamili. Linux huihesabu saa ya ubao mama kuwa ni ya kimataifa, Windows huihesabu kuwa ni ya mahali ulipo. Amri ya `timedatectl set-local-rtc 1` kwenye Linux itazipatanisha, ingawa njia safi zaidi ni kuibadilisha Windows itumie saa ya kimataifa.

SWALI: Kompyuta yangu iliyopandishwa kasi huzimika na kuonyesha CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT. Nibadilishe kifaa gani cha saa?

JIBU: Usibadilishe chochote. Ujumbe huo, wenye namba 0x101, unasema kwamba kiini kimoja cha prosesa hakikuitikia ishara ya saa kwa muda uliopangwa. Saa iliita, kiini kikawa kimekwama. Kwa prosesa iliyopandishwa kasi, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni volteji ndogo kuliko inavyohitajika. Ongeza hatua moja au shusha kizidisho kimoja, na kama una mipangilio tofauti kwa kila kiini, anza na kile kilichopewa kasi kubwa kuliko vyote.

SWALI: Nina programu ya zamani ya DOS iliyoandikwa kwa Turbo Pascal. Kwenye kompyuta yangu ya kale ilifanya kazi miaka yote, lakini nilipoipandisha kasi ikaanza kukataa kufunguka kwa “Runtime error 200”. Kosa hilo ni la kugawanya kwa sifuri, na sioni kinachogawanywa.

JIBU: Kigawanyo si sifuri. Sehemu ya Turbo Pascal iitwayo CRT, kila programu inapoanza, huhesabu ni mizunguko mingapi prosesa inaweza kufanya ndani ya pigo moja la saa ya zamani, ambayo hupiga mara 18.2 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55. Kisha inagawanya hesabu hiyo kwa 55 ili ijue milisekunde moja ina mizunguko mingapi. Jibu linapaswa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, isiyobeba zaidi ya 65,535. Prosesa ikiwa na kasi ya kutosha jibu linafurika, na prosesa hutoa taarifa ileile inayotolewa mtu akigawanya kwa sifuri. Wengi walikutana na ukuta huo zilipofika prosesa za MHz 200 na zaidi. Yako ilikuwa chini kidogo ya ukuta, ukaivusha. Vipo viraka vinavyorekebisha faili ya programu yenyewe bila kuhitaji msimbo wake asilia, na hilo ndilo suluhisho la kudumu. Kama hutaki kuigusa faili, iendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, na upunguze idadi ya mizunguko mpaka ifunguke.